DAMU IMSUBIRI MAMA, SI MAMA AISUBIRI DAMU



Kila anapofariki mama katika kujifungua, maneno yale yale husemwa makaburini. Husemwa kwamba siku yake ilikuwa imefika. Husemwa kwamba Mungu amempenda zaidi. Kisha watu hunawa mikono, huchanga rambirambi na kurudi mashambani. Tunaandika kurasa hizi kuyapinga maneno hayo. Tusimsingizie Mungu. Mama aliyekufa kwa kukosa damu alikuwa na miezi tisa ya kusaidiwa, na katika miezi hiyo mambo kadhaa yaliyopaswa kufanywa na watu hayakufanywa. Jambo linalowapasa watu, wakaliacha hadi mwenzao akafa, jina lake ni dhuluma. Haliitwi majaliwa.

Tunapenda tulitazame jambo hili kwa hatua tatu tulizozizoea katika jumuiya zetu: tuone, tupime, tutende.

TUONE

Ndani ya damu mna chembe nyekundu zinazochukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka katika kila kiungo. Ili kuzitengeneza, mwili unahitaji madini ya chuma yapatikanayo katika chakula. Chuma kikipungua, wekundu wa damu hupungua, na viungo hukosa hewa hata kama mtu anavuta pumzi vizuri. Ndiyo maana mwenye upungufu wa damu huchoka kwa kazi ndogo, moyo humwenda mbio, kichwa humzunguka, na viganja vyake na upande wa ndani wa kope hupauka. Wengine hushikwa na hamu ya kula udongo. Tunawacheka wajawazito wanaotafuna vile vipande vya udongo viuzwavyo sokoni. Afadhali tungewapeleka wakapimwe, kwani mara nyingi hiyo ni dalili ya mwili uliopungukiwa na chuma.

Kwa mjamzito, kipimo kinachotakiwa ni gramu 11 au zaidi za wekundu katika kila desilita ya damu. Chini ya hapo ni upungufu. Chini ya gramu 7 ni upungufu mkali. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 45 walikuwa na upungufu wa damu. Utafiti huo huo uliutaja mkoa wetu kwa jambo jingine: katika Katavi, wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba, idadi iliyoizidi mikoa yote. Msichana wa umri huo mwili wake bado unakua na unahitaji chuma chake mwenyewe. Akibeba mimba, hugawana na mtoto kile ambacho hata yeye hakimtoshi.

Sababu za upungufu huu tunaishi nazo. Malaria huzivunja chembe nyekundu. Minyoo ya safura huingia kupitia nyayo za wanaolima miguu mitupu, ikaenda kunyonya damu tumboni siku baada ya siku. Mimba zinazofuatana upesi humkuta mama hajarudisha akiba yake. Chakula cha nyumba nyingi ni ugali na mboga kidogo. Dagaa na migebuka wa ziwani, nyama na maini vinapopatikana, aghalabu mama huwa wa mwisho kuonja. Hata chai tuipendayo, ikinywewa pamoja na chakula, huuzuia mwili usikipate chuma kilichomo katika chakula hicho.

Sasa mama wa namna hiyo anafika siku ya kujifungua. Mimba inapokaribia kutimia, damu zaidi ya nusu lita hupita katika mji wa mimba kila dakika. Mtoto na kondo la nyuma vinapotoka, mji wa mimba hauna budi kukaza ili kuifunga mishipa. Usipokaza, mama aliyeingia leba mzima anaweza kufa katika muda wa saa mbili. Mwenye damu ya kutosha akipoteza nusu lita, aghalabu mwili wake utahimili. Mwenye gramu 6 hana akiba ya kuhimili. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wanawake zaidi ya 10,000 wenye upungufu wa damu waliojifungua katika Pakistani, Nigeria, Zambia na hapa kwetu Tanzania. Waliokuwa na upungufu mkali walitokwa damu zaidi, na hatari yao ya kufa au kuponea chupuchupu ilikuwa karibu mara 7 ya wale wenye upungufu wa wastani.

Wagonjwa wa upasuaji wako katika njia hiyo hiyo. Mwanamke mwenye uvimbe katika kizazi ametokwa damu nyingi kila mwezi kwa miaka miwili. Amepangiwa tarehe ya upasuaji, akauza magunia ya mahindi, akasafiri hadi mjini. Wekundu wa damu yake unapimwa asubuhi ile ile ya upasuaji, na kukutwa gramu 7. Hapo hurudishwa nyumbani na nauli imekwisha, au ndugu zake huambiwa watafute damu. Majuma yote aliyosubiri tarehe yangeweza kutumika kumpa dawa ya kuongeza damu.

Na hapo ndipo lisemwapo neno ambalo kila familia ya huku inalifahamu: “Leteni watu wa kutoa damu.” Husemwa usiku, husemwa wakati wa masika barabara zikiwa tope, husemwa kwa mume aliyemleta mkewe kwa pikipiki na hamjui mtu yeyote mjini. Ndugu wako Kasekese, mgonjwa yuko mbali. Anayekubali kutoa hukutwa kundi lake halilingani, au ana malaria, au naye amepungukiwa. Saa zinakwenda.

TUPIME

Kumwambia mume alete damu katika saa ile ni kulichukua deni la jamii nzima na kumtwisha mtu mmoja, katika saa moja, ilhali hana uwezo wa kulilipa. Maskini ndiye analiyehemewa zaidi. Mwenye jamaa wengi mjini hupata watoaji. Mgeni, mjane na msichana aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya mimba hawapati. Injili inapomtaja mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, haioni haya kutaja kwamba mali yake yote iliishia kwa waganga. Umaskini wake ni sehemu ya ugonjwa wake. Basi na sisi tusione haya kuzungumza juu ya fedha.

Damu katika nchi yetu haiuzwi. Sera ya taifa inataka itolewe kwa hiari na itolewe bure kwa anayeihitaji. Lakini pale penye kabati tupu na mume mwenye hofu, hujitokeza mtu anayejifanya ndugu ili alipwe, na pengine hujitokeza anayeomba chochote ili kulifungua kabati. Tunasema waziwazi: wote wawili wanauza uhai. Anayetoa damu kwa fedha ana sababu ya kuficha maradhi yake, na vipimo, hata viwe vizuri namna gani, huweza kushindwa kuyaona maambukizo yaliyoingia mwilini siku chache tu zilizopita. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1975 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani umezihimiza nchi zote zitegemee watoaji wa hiari wasiolipwa. Na sisi wa wilaya hii tunayo sababu yetu wenyewe. Huko Karema, tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956, aliwatibu watu Daktari Adriano Atiman, ambaye alipokuwa mtoto alitekwa huko Afrika Magharibi akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta. Watu waliotibiwa na mtu aliyewahi kuwekewa bei hawapaswi kuikubali bei ya damu ya mwanadamu.

Wako watakaosema: “Nchi yetu ni maskini, tutapata wapi?” Jibu letu ni kwamba sehemu kubwa ya jambo hili haihitaji utajiri. Kidonge cha madini ya chuma na foliki asidi ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa. Dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, chandarua na dawa ya minyoo vinajulikana kwa miaka mingi. Huduma kwa wajawazito zimetamkwa kuwa bure. Kinachokosekana mara nyingi ni kwamba vidonge vimekwisha zahanati na hakuna aliyeuliza, au kipimo cha damu hakikufanyika na kadi ya kliniki imeachwa wazi mahali pa kuandika. Kadi iliyo wazi mahali hapo ni shahidi.

Wako pia watakaosema: “Sasa tunavyo vyumba vya upasuaji, mnataka nini tena?” Ni kweli, na tunashukuru. Tangu mwaka 2017 Serikali imejenga na kukarabati mamia ya vituo vya afya nchini, vingi vikiwa na vyumba vya upasuaji. Vifo vya uzazi vilivyokadiriwa kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015–16, vilikadiriwa kuwa 104 katika ule wa mwaka 2022. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini chumba cha upasuaji kisicho na jokofu la damu, wala umeme wa uhakika wa kuliendesha, ni ahadi iliyotimizwa nusu. Kisu kipo, damu haipo. Na oksitosini, ile dawa ya kukaza mji wa mimba, nayo huharibika isipotunzwa katika ubaridi. Tusiruhusu hesabu nzuri za taifa zitumike kuwanyamazisha wale 104 waliobaki.

Kosa jingine ni kudhani kwamba kuongezewa damu ni dawa ya kila udhaifu. Wapo wagonjwa wanaoidai kama wanavyodai sindano, na wapo watoa huduma wanaoiagiza pale ambapo vidonge na majuma machache vingetosha. Chupa moja ya damu humwongezea mtu mzima gramu 1 hivi tu. Haiuponyi ugonjwa uliomaliza damu. Tena ina hatari zake: kundi lisipolingana, mtu huweza kufa, ikiingia kwa wingi na haraka kwa mtu aliyedhoofika sana, moyo huelemewa. Mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi ziitunze damu ya mgonjwa mwenyewe kwanza, yaani upungufu ugunduliwe na kutibiwa kabla ya upasuaji, na damu isipotezwe ovyo. Kila chupa iliyotumika bila ulazima imechukuliwa kutoka kitandani pa mama anayetokwa damu sasa hivi.

Akina baba, kuna sehemu yenu. Mwanamke aliyechunguzwa na kuambiwa aende hospitali leo hapaswi kungojeshwa hadi mume arudi kutoka machungani, mnadani au shamba la mbali. Mtu mzima huweza kujiamulia matibabu yake mwenyewe. Anayesema “ngoja tuone” wakati damu inatoka, asije baadaye akasema kuwa ni mapenzi ya Mungu.

Tena kuna uvumi. Inasemwa kwamba damu inayochangwa hupelekwa kwa wachawi, kwamba anayetoa hupungukiwa na nguvu maisha yake yote, kwamba ukitoa mara moja ni lazima utoe daima. Ukweli ni huu. Chupa moja ni kama mililita 450. Maji yake hurudi mwilini katika siku moja au mbili, na chembe zake katika majuma machache. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na ya C, na kaswende, kisha hutunzwa kwa ajili ya wagonjwa. Uvumi huu hauwadhuru wanaoueneza. Unawadhuru wake zao na binti zao.

TUTENDE

Nyumbani. Mjamzito aende kliniki mapema, kabla ya juma la 12. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mahudhurio 8. Adai kupimwa wingi wa damu na aonyeshwe namba iliyoandikwa katika kadi. Ameze vidonge kila siku. Vikileta kinyesi cheusi asiogope. Vikimsumbua tumbo, amwambie mhudumu badala ya kuvitupa. Akikutwa na upungufu, apewe kipimo cha tiba, ambacho huzidi kile cha kinga, na apimwe tena. Dagaa, maharage, kisamvu, mchicha na nyama inapopatikana viwe vyake kwanza, pamoja na embe, chungwa au papai, kwani matunda hayo husaidia chuma kiingie mwilini. Chai ingoje saa moja au mbili baada ya kula. Alale ndani ya chandarua na ameze dawa ya kinga ya malaria kadiri anavyoelekezwa. Kila anayelima shamba lenye unyevu avae viatu, na kila nyumba iwe na choo.

Kwa mgonjwa wa upasuaji usio wa dharura, aulize siku ile ile anapopewa tarehe: “Damu yangu ni gramu ngapi?” Kama ni ndogo, aombe dawa siku hiyo, asingoje asubuhi ya upasuaji.

Katika jumuiya. Kila jumuiya ndogo ndogo iwajue wajawazito wake. Akina mama wa WAWATA wanaweza kuwatembelea, kuitazama kadi, na kuuliza habari za vidonge. Kila mjamzito awe na watu watatu waliopimwa makundi yao mapema na walio tayari kuitwa, na awe na usafiri uliokubaliwa kabla ya siku. Hiyo ni kinga ya dharura. Isitumiwe kuufunika wajibu wa hospitali.

Tena tuchangie damu kwa ajili ya mtu tusiyemjua. Anayeweza kutoa ni mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, mwenye afya na damu ya kutosha. Mwanamume huweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Mjamzito na anayenyonyesha wasitoe. Kama kigango kina wanaume 40 watakaotoa mara 3 kwa mwaka, na wanawake 20 watakaotoa mara 2, hizo ni chupa 160. Kwa kipimo cha kawaida, nchi huhitaji mtoaji mmoja katika kila watu 100 kwa mwaka. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu mkoa wa Katavi watu zaidi ya milioni 1.1, hivyo tunahitaji chupa zaidi ya 11,000 kila mwaka. Kwa kuwa damu iliyotunzwa kwa ubaridi hudumu siku 35 hivi, sherehe ya 14 Juni peke yake haitoshi: damu ya siku hiyo haimfikii mama wa Agosti. Nayo damu nyingi ya nchi hii imekuwa ikitolewa na wanafunzi wa sekondari; shule zikifungwa, makabati huwa matupu. Tujipangie zamu, hasa wakati wa likizo na wakati wa masika, ambapo malaria huzidi.

Kwa wenye mamlaka. Tunaomba, na ombi hili ni madai ya haki, kwamba kila kituo kinachopasua wajawazito kiwe na jokofu la damu lenye umeme wa uhakika, na akiba isiyoguswa ya damu ya kundi O. Zahanati zisikose vidonge vya chuma wala kifaa cha kupimia wekundu wa damu. Wakunga wafundishwe na wapewe vifaa vya njia ile iliyopimwa katika hospitali zipatazo 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania: kumtandikia mama plastiki yenye alama za kupimia damu, na inapozidi, kufanya kwa mara moja kusugua mji wa mimba, dawa ya kuukaza, dawa ya kuzuia uvujaji, maji ya mshipani na uchunguzi wa chanzo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Halmashauri za vijiji na kata ziulize habari za vitu hivi katika kila kikao, na jibu liandikwe katika kumbukumbu. Katika wilaya yetu vipo vijiji vilivyotumia fedha ya hewa ukaa ya misitu yao kujenga zahanati na madarasa. Kinachowezekana kwa matofali kinawezekana kwa jokofu.

Jumuiya inayoweza kukusanya rambirambi, sanda na chakula cha waombolezaji katika siku moja, ina nguvu ya kutosha kukusanya damu kabla ya msiba. Nguvu ni ile ile. Tunachodai ni itangulie.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu wako wajawazito wangapi? Ni wangapi wanaoijua namba ya wekundu wa damu yao?
2. Zahanati yetu ilikosa vidonge vya chuma mara ngapi katika mwaka uliopita? Nani aliuliza, na alijibiwa nini?
3. Usiku wa leo mama akitokwa damu, nani ataitwa, kwa usafiri gani, na damu iliyo karibu iko wapi?
4. Ni nani kati yetu atakayetoa damu mwezi huu kwa ajili ya mtu asiye ndugu yake?

Majibu yaandikwe na kupelekwa katika halmashauri ya walei ya parokia kabla ya masika kuanza. Kati ya sasa na masika wako akina mama watakaojifungua, na miezi yao inahesabika.